Maiti Chini ya Pindo

"Leo unakufa saa ngapi?" Mama Hui, jirani yake, alimuuliza asubuhi moja huku akianika majani ya haradali uani.

"Saa nne," Bi Yazhen akajibu. "Wakichelewa, baada ya chakula."

Ilikuwa siku ya nne mfululizo anakwenda kufa. Pale Hengdian, mji wa filamu, kufa ni kibarua kama kuuza maandazi ya mvuke. Ukilala vizuri bila kupepesa jicho, unaongezewa bahasha nyekundu ya kuondoa nuksi. Mama Hui alidhani shoga yake anafuata bahasha, akamtania kwamba mwezi ule peke yake ameshakufa mara nyingi kuliko ukoo wake wote.

Bi Yazhen hakubishana. Tangu astaafu kiwanda cha soksi, starehe yake ilikuwa sindano. Hakushona kwa malipo, alishona kwa kupenda, na mavazi ya filamu aliyapenda kuliko filamu zenyewe. Wenzake wakimlilia mfalme aliyepewa sumu, yeye anatazama kola ya mfalme.

Safari hii lakini alikuwa na haja. Siyu, mjukuu wake, alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi, na wakwe walishasema wazi kwamba joho jekundu la bibi harusi litakodiwa dukani, maana la kushonwa nyumbani litatia aibu kwenye picha. Bi Yazhen akaapa kushona joho ambalo malkia wa filamu angelionea kijicho. Wakwe wakakubali kuja kulitazama kwanza. Joho likakaribia kwisha, likabaki pindo.

Na pindo alilolitamani lilikuwa moja tu, la joho la malkia, kazi ya Bi Kuang, mkuu wa mavazi, mwanamke asiyeruhusu mtu kusogelea kamba zake za nguo. Lilianguka kama maji, na uzi huuoni. Askari walisimama mbali. Vijakazi walipiga magoti mbali zaidi. Bi Yazhen akagundua kwamba ni maiti peke yao ambao malkia huwapita karibu, joho lake refu likawafunika uso.

Basi akajiandikisha maiti.

Kila siku alisali kwanza, kwa kuwa hata kifo cha kuigiza si cha kuingilia hivi hivi, kisha akalala kushoto kwa kiti cha mfalme, mikono imetawanyika mbele ya kamera. Malkia akaja, akasimama, akalia. Joho likatua. Chini yake palikuwa na giza jekundu na harufu ya kafuri. Sasa, maiti hawezi kunyoosha mkono, na fundi husomwa upande wa ndani wa nguo. Kwa hiyo Bi Yazhen alilinasa pindo kwa meno, hariri nyepesi kama ganda la kitunguu, akaligeuza polepole mpaka likafika karibu na jicho. Malkia alipogeuka kwa hasira, kama mwongozaji alivyotaka, likamponyoka kinywani.

Siku ya kwanza aliona mshono laini tu. Siku ya pili akaona kitu kipya, nyota ndogo ya uzi, nyuzi zimepishana kama utando wa buibui. Siku ya tatu, nyota mbili. Kumbe Bi Kuang alikuwa bado anaitia urembo kazi yake, nyota moja kila siku, katikati ya heka heka zote zile. Huyo ndiye fundi.

Mwongozaji hakuridhika na machozi ya malkia, akayarudia siku nane. Bi Yazhen akafa mara nane, kwa furaha, na siku ya mwisho akahesabu nyota saba.

Nyumbani akaziiga. Zilimtoa jasho. Alifumua, akarudia, akajichoma vidole. Siyu akauliza mbona asipinde tu kama watu wote, akaambiwa kwamba watoto wa siku hizi wana macho lakini hawaoni. Mwishowe nyota sitini na sita zikalizunguka pindo lote.

Siku moja kabla ya wakwe kuja, hofu ikamshika. Na kama amekosea? Akalifunga joho katika kitambaa, akaenda mpaka chumba cha mavazi. Bi Kuang alikuwa anafunga masanduku. Bi Yazhen akajitambulisha kuwa ni mmoja wa maiti, akaomba amtazamie kazi yake, dakika moja tu.

Bi Kuang alilitandaza joho mezani. Akabinya kola, akaguna kwa kuridhika. Akapitisha kidole kwapani, akasema angekuwa na mafundi wawili wa namna hii, angekuwa analala usingizi. Bi Yazhen hakujua aiweke wapi furaha yake.

Kisha Bi Kuang akafika kwenye pindo. Akavaa miwani. Akalizungusha joho lote, nyota baada ya nyota, na alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamejaa huruma.

"Pole, dada yangu," akasema. "Kumbe na kwako wapo?"

"Kina nani?"

"Panya. Langu walilitoboa matundu manane, kila siku tundu moja, palepale. Nimetega mitego, nimeazima paka, wapi! Nikawa natililia mbiombio, naziba kila tundu kwa uzi, wenzangu wakienda kula." Akalishika tena lile pindo jekundu, akatikisa kichwa. "Lakini mimi nina nafuu. Wewe wamelimaliza lote."

Bi Yazhen akafumba mdomo kuyaficha meno yake, akalikunja joho, akatoka.