Kijiduara cha Shaba

Kijiduara cha shaba kilikuwa mfukoni mwake, na mdomo wake ulikuwa unasema hakijapatikana.

"Bado, maman Emérence," Philémon alisema, macho yakiwa kwenye sahani. "Turbo yako sasa iko na vitu yote. Inabakia tu coussinet."

"Hata kwa Gérard kule Kavumu nilipita tena," mwanamke alijibu. "Anasema haina." Akamwongezea sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaketi juu ya tairi kuukuu, mahali pake pa kila Jumamosi.

Ile Peugeot ya dizeli aliachiwa na marehemu mumewe. Aliitumia kuleta maharage kutoka Kavumu hadi turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa, ilipochakaa, gari likawa linatoa moshi wa buluu na kukataa mlima. Turbo mpya hukuipata hata ukizunguka Zaïre nzima. Basi Philémon alikuwa anaiunda upya kwa vyuma vya magari yaliyokufa: ganda la gari la mapadri, mhimili wa gari la afisa mmoja aliyeligonga ukutani akiwa amelewa. Kilichobaki ni hicho kijiduara, coussinet, kinachobeba mhimili unapozunguka. Kukitafuta Kavumu alimwachia Emérence, kwa kuwa alipita huko kila juma. Bila hicho, gari halitoki.

Na gari likitoka, Emérence naye haji tena. Mtaa wao wa Nyalukemba una macho. Mjane akiketi uani kwa mwanamume aliyefiwa na mke, bila shughuli inayojulikana, kesho yake wanawake wa mtaa wameshawaozesha na kuwatenganisha. Gari ndilo lililokuwa ruhusa yao.

Philémon alikuwa mpweke, tuseme ukweli. Serikali ilipopiga marufuku majina ya ubatizo, yeye aliandikwa Citoyen Bulonza, yaani Raia Bulonza, na Philémon likabaki kuwa jina la ndani ya nyumba, la kuitwa na mkewe. Mke alipofariki, jina nalo likanyamaza. Miaka ikapita hadi Emérence alipomuuliza, "Lakini mapadri walikubatiza nani?" Tangu hapo akawa anamwita Papa Philémon, na mzee wa watu akaanza kunyoa ndevu kila Jumamosi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Majirani walicheka chinichini.

Kijiduara chenyewe alikipata Mumosho, ndani ya Peugeot iliyoanguka kando ya mto Ruzizi. Kukifunga ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Alikitia mfukoni, akajiambia: Jumamosi hii tu. Kisha ikaja nyingine, na nyingine.

Siku moja akamwona barabarani, mvuani. Lori la kukodi lilikuwa limemshusha chini kabisa, na Emérence alikuwa anapanda mlima ameinama chini ya gunia la maharage, kamba imemkaza kipaji cha uso. Hakumwona Philémon. Philémon alirudi nyumbani akijiona mwizi. Mtu unampenda, halafu unambebesha gunia! Alikifunga kile kijiduara jioni ile ile.

Jumamosi akamkabidhi ufunguo. Wakalijaribu gari kwenye mlima wa Kadutu. Turbo ikapiga mluzi wake mwembamba, moshi hakuna. Fundi yeyote angetamba. Emérence alishika usukani bila kutabasamu.

"Uliikuta wapi ile coussinet?" akauliza.

"Ku Mumosho. Mu gari moja yenye ilianguka."

"Kumbe hata Mumosho ziko." Alitazama mbele tu. "Na hakuna kitu ingine yenye iliharibika? Frein? Ao embrayage? Uliangalia muzuri?"

Breki na klachi Philémon alikuwa amezikagua mwenyewe. Amejua, aliwaza. Amejua kwamba nilimficha, sasa ananipima.

"Hakuna, maman. Yote iko bien. Unaweza kwenda."

Emérence alimshusha Philémon mlangoni pake. "Aksanti, Citoyen Bulonza," alisema, akaondoa gari.

Jina hilo lilimchoma kuliko tusi. Jumamosi iliyofuata alinyoa, akangoja. Akangoja na nyingine. Lile tairi likajaa maji ya mvua. Alitamani kwenda kwake kuomba msamaha, lakini aibu ilimfunga miguu. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale pale uani. Mvua zilipokwisha akasikia kwa majirani kwamba mwana mkubwa wa Emérence amekuja kumchukua, akaishi kwake Mwenga, kwa wachimba dhahabu. Peugeot ndiyo iliyobeba vitanda na sufuria, na milima yote ile iliipanda bila shida.

Philémon akarudi kula peke yake, amesimama, sufuria mkononi.

Baadaye mteja mwingine akamletea Peugeot yenye ugonjwa ule ule. Sasa hapakuwa na wa kumpitia Kavumu, kwa hiyo alikwenda mwenyewe, kwa mara ya kwanza, akauliza watu hadi akafika kwenye rundo la vyuma la Gérard.

"Coussinet ya turbo, ya Peugeot?" Gérard alitikisa kichwa. "Hapana, papa. Nilikuwaka nazo mingi. Ile maman wa maharage, mwenye Peugeot ya moshi, alikamata zote. Kila juma alikuwa anapita, zenye ziliingia anazinunua."

"Zote?" Philémon aliuliza. "Za kufanya nini?"

"Hata miye nilimuuliza." Gérard alicheka, akipangusa mikono kwa kitambaa. "Alisema ni ili fundi yake asizikute."