Plagi Nne Nyeusi

Fundi alizipanga plagi nne juu ya gunia, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa nyeusi tititi, kana kwamba zimechomolewa kwenye dohani.

Mama mwenye gari alikaa kwenye kiti cha mbao mlangoni mwa gereji, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Alikataa chai. Alikataa hata kuegemea.

"Zinasema nini hizo?" aliuliza.

"Zinasema injini ilikuwa inakula mafuta mengi kuliko hewa, mama. Ikivimbiwa hivyo haichomi vizuri, inatema moshi."

"Moshi ule ule."

"Ule ule."

Wiki tatu zilikuwa zimepita. Mwanawe mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Risasi kwa mbio zake, alikuwa akimsubiri rafiki yake ndani ya gari hili, mvua inanyesha. Vioo kavifunga, injini kaiacha inanguruma ili apate joto. Waliokuja kumfungulia mlango walidhani amelala. Daktari alisema ameuawa na sumu iliyomo kwenye moshi wa gari. Sumu hiyo haina harufu wala haipigi hodi. Ilipenya kwenye kitundu cha bomba la moshi, chini ya kiti cha dereva.

Kitundu hicho fundi alikwisha kukiona. Lakini alijua pia kwamba sumu ya kumaliza kijana mzima kwa nusu saa haitoki kwenye injini iliyo sawa. Injini ilikuwa mgonjwa. Na mwezi mmoja kabla ya msiba, aliyeifungua kabureta ya gari lile, inayochanganya mafuta na hewa, akaisafisha na kuikaza skrubu moja moja, ni yeye.

"Mdogo wake analitaka," mama alisema. "Binti kapata kazi mbali, hawezi kwenda kwa miguu kila siku. Ufunguo nimeuficha. Simpi mpaka uniambie ugonjwa ulitoka wapi. Wawili siziki, mwanangu. Na kama kuna aliyekosea, nimjue. Sitampeleka popote. Nimjue tu."

Fundi alimkumbuka Risasi siku ile ya mwisho, kichwa nje ya dirisha, anacheka: "Daktari, mgonjwa wako kaishiwa nguvu. Nakanyaga mpaka chini, lenyewe linajikokota kama bibi harusi."

Naye akamjibu, "Ndiyo dawa yako hiyo. Njoo Jumatatu."

Jumatatu walimzika.

Aliliinua bakuli la chujio la hewa lililokalia kabureta, akaliweka kando. Akaifungua kabureta kama mtu anayefungua barua ya mahakama. Boya linalopima mafuta lilikuwa mahali pake. Choki, kile kilango cha hewa, ilifunguka na kujifunga bila kukwama. Skrubu ya mafuta haikuwa imesogea hata unywele. Alama ya rangi nyeupe aliyoiweka kwa mkono wake ilikuwa pale pale.

Hakuamini. Aliirudisha, akatia plagi mpya, akawasha gari bakuli likiwa bado chini.

Injini ilitulia kama mtoto aliyeshiba. Alishika kitambaa cheupe nyuma ya bomba, akahesabu hadi hamsini. Kilibaki cheupe.

"Limepona?" mama aliuliza.

"Bado, mama. Subiri kidogo."

Alilirudisha bakuli juu ya kabureta. Injini ikakohoa, ikatetemeka, na moshi mweusi ukamwagika uani. Akalitoa, moshi ukakatika. Akalirudisha, moshi ukarudi. Akazima.

Basi ugonjwa haukuwa kwenye kabureta. Ulikuwa kwenye bakuli. Alilitoa chujio, akalielekeza juani. Mwanga ulipita safi, lilikuwa jipya, yeye mwenyewe alilinunua. Pakabaki pua ya bakuli, kile kibomba kirefu kinachovuta hewa kutoka nje. Alitumbukiza vidole viwili, vikagusa kitu laini.

Alikivuta kwa koleo, polepole. Kilikuwa kipande cha pazia la buluu, kimekunjwa pembe kwa pembe na kushonwa ukingoni kwa uzi ili kisikunjuke. Hakikuwa tambara la fundi aliyejisahau, maana matambara ya gereji yananuka grisi, na hiki ndani ya mikunjo kilikuwa safi. Aliyekitia alijua alichofanya. Alikibana kiasi cha kuacha upenyo mdogo tu, gari livute hewa kwa shida, lakini lisizime.

Mkono wa mtu.

Kwanza roho ilimtua, akaona haya kwa kutua huko. Kisha hasira zikampanda. Kijana aliyekuwa akisalimia mpaka wapita njia, nani alimchukia kiasi hiki? Aligeuka na kile kipande kwenye ncha ya koleo, anatafuta maneno. Unamwambiaje mzazi kwamba mwanawe hakufa kwa bahati mbaya?

Mama alikwisha kusimama. Alikitazama kile kitambaa bila kushtuka, akakifuta vumbi kwa kidole.

"Hicho ukimaliza ukirudishe, baba," alisema kwa upole. "Nilikitia mimi, marehemu alipozidisha mbio. Dereva mmoja aliniambia gari likibanwa pumzi halikimbii, na huyu binti naye anapenda mbio kama kaka yake."