Amri ya Mwenyekiti

"Vueni! Vueni!"

Sauti ilitoka nyuma ya mwamba, ndani ya ukungu wa asubuhi, na hakuna aliyeuliza ni ya nani. Ilikuwa ya mwenyekiti wa klabu ya wavuvi wa starehe, ile ile iliyozoea kuwabwatukia kwa kipaza sauti: tokeni, ondokeni, hamsikii?

Nanga aliacha kushona wavu. Walimbandika jina hilo kwa sababu akishajikita mahali hang'oki, na askari walishajaribu.

"Wifi, umesikia ninachosikia mimi?"

"Nimesikia, ila siamini. Si ndiye aliyetuchomea nyavu huyu?"

Nanga hakuhitaji kukumbushwa. Alikumbuka mpaka rangi ya kiberiti. Ghuba hii babu wa mumewe aliivua, baba mkwe wake akaivua, kisha klabu ikaja na kamba yenye maboya mekundu, ikaizungushia kama mtu anayefunga mzigo wake, ikatangaza kwamba samaki wa humu wanahitaji kupumzika. Kupumzika! Kila Jumamosi watu wazima, wameshiba, walikuja na fimbo zao za kuvulia zinazong'aa, wakamtoboa samaki mdomo, wakampima, wakambusu mbele ya kamera, halafu wakamrudisha majini na kizunguzungu chake. Huo ukaitwa uhifadhi. Ukimtoa samaki yule yule kwa wavu umpeleke sokoni watu wakale, wewe ni jangili.

Mumewe alichoka, akaenda kuajiriwa kwenye meli kubwa ya kampuni, kuvulia watu asiowajua. Nyumbani ulibaki wavu mmoja. Ukichomwa na huo, uvuvi kwao umekwisha. Wangebaki kupaa magamba ya samaki wa wengine.

"...vueni! Jamani, vueni!"

"Kafika mpaka kwenye jamani," alisema shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye tayari alikuwa amekunja suruali. "Shemeji, mtu akikubembeleza hivyo ukamkatalia, hicho si kiburi?"

"Atakuwa kalewa."

"Basi tuwahi kabla pombe haijamtoka!"

"Na kama ni mtego?"

"Mtego wa kutuita jamani? Huyo mtu hata salamu hajawahi kutuitikia."

Nanga aliutazama wavu. Ulikuwa na viraka vingi kuliko nguo ya fundi rangi. Akatazama gatini, ambako wageni wa mashindano ya siku hiyo walikuwa bado wanakunywa chai na kupigana picha. Akavuta pumzi.

"Shusheni mashua."

Walivuka kamba. Kitu kidogo tu, kamba kupita chini ya mashua, lakini wifi alipiga kigelegele cha kunong'ona, na shemeji akatemea mate boya jekundu, moja kwa moja, kama aliyekuwa ameyatunza miaka yote hiyo.

Kwenye ukungu wakaiona boti ya mwenyekiti, nyeupe, inayumbayumba, fimbo imesimama mahali pake.

"Mbona mwenyewe simwoni?" Nanga aliuliza.

"Kajilaza. Si umesema kalewa?"

Sauti nayo ilikuwa imenyamaza. Amri imeshatolewa, ya nini kuirudia? Wakamwaga wavu, wakauzungusha kandokando ya mwamba, pale pale ambapo baba mkwe alikuwa akisema samaki hulala kama wamepanga chumba. Wakaanza kuvuta.

Ulikuwa mzito. Ulikuwa mzito mpaka mashua ikainama.

"Papa!" wifi akapiga kelele. "Jamani, papa!"

"Papa gani anakohoa?" Nanga akasema.

Kofia ndiyo iliyotangulia kutokea, ina nembo ya klabu. Chini ya kofia alikuwepo mwenyekiti, kanasa makwapani kama ngisi. Walipomwingiza ndani alitapika maji ya ghuba yote juu ya miguu ya shemeji.

"Nivueni!" alihema. "Nilisema nivueni! Nivueni mabuti! Yamejaa maji, yananizamisha, nyie mnaniangalia tu!"

Kumbe ile silabi ya kwanza kila mara aliimeza na funda la maji.

Mabuti yenyewe, yale yaliyoungana na suruali ya mpira mpaka kifuani, hayakuwepo tena. Wavu uliomvua majini ulikuwa umemvua na suruali ya mpira, pamoja na kila kilichokuwa chini yake. Wifi aligeuka akatazama mbinguni kwa heshima. Kisha akageuka tena, akatazama vizuri.

Mwenyekiti alipopata pumzi alipata na cheo chake.

"Mko ndani ya kamba," alisema. "Na wavu. Huu unachomwa leo leo, mbele ya wageni. Mtanitambua."

Kutoka gatini injini iliunguruma. Boti ya wageni ilikuwa inakuja, mabibi na mabwana, na mpiga picha wa gazeti kasimama mbele kabisa. Nanga alishika ncha ya wavu.

"Sawa, mwenyekiti. Wavu ni wako, hatubishani. Shemeji, mtoe humo, tumkabidhi."

"Ngoja," mwenyekiti alisema, akiukumbatia wavu kwa mikono yote miwili. "Ngoja kwanza, mama."

"Ningoje nini, baba? Sheria ni sheria."

Boti ilisimama ubavuni mwao.

"Mwenyekiti!" mgeni mmoja akapaza sauti. "Hawa majangili wamekufanya nini?"

Nanga akauvuta wavu kidogo, taratibu, kama mtu anayeanua nguo.

Mwenyekiti akaweka kofia sawa.

"Majangili gani?" alisema. "Ghuba nimewafungulia leo mimi mwenyewe. Ina maana hamkunisikia huko? Nilisema vueni."