Chumvi ya Langoni

Mize alifika langoni jua la mchana likichoma, akiuburuta mkuki wake. Zimwi la bondeni alikwisha kuliua, lakini hakuwa na hamu hata ya kusimulia.

"Pole na kazi, dada," alisema Machano, mlinzi wa lango, akachota chumvi kwenye kibuyu.

Ndiyo desturi ya mji ule: mwindaji arudipo hulambishwa chumvi kwanza. Zimwi huweza kuvaa sura ya mtu na sauti yake, ila ulimi wake hauijui chumvi. Tena wazee walisema, anayewinda mazimwi muda mrefu, naye huanza kugeuka.

Mize akalamba. Akangoja. Ilikuwa kama kulamba mchanga.

Nyuma ya lango watoto walikuwa wakiliimba jina lake.

"Vipi?" aliuliza Machano, mkono ukiwa tayari kwenye komeo.

Mize alikunja uso kama alivyoukunja miaka yote. "Imekolea."

Lango likafunguka, watoto wakamrukia shingoni na kiunoni. Hakuwakumbatia. Aliunyoosha mkono juu ya vichwa vyao, akampa Machano mkuki.

"Leo ushike wewe, kaka," alisema. "Na usinipe mgongo."