Nguruwe Aliyepelekwa Kasubi

Lakica alisimama langoni na beseni la dawa, na hakuna mguu uliovuka bila kuchovywa humo, hata wa mumewe.

Nguruwe tisa wa Docus, jirani yao, walikuwa wamekufa ndani ya siku mbili. Daktari wa mifugo alisema ni homa ya nguruwe, isiyo na chanjo wala tiba. Akawakataza wafugaji wote wa mtaa ule wa Kisugu kuingiza au kutoa mnyama mpaka atakaporudi kupima.

Lakica na Ojok walikuwa na wanane. Tangu Ojok astaafu upolisi, banda lile ndilo lililowalisha na kumsomesha binti yao Moreen. Ojok alitaka wote wauzwe kwa wachinjaji siku ileile, kabla hawajaanza kuumwa. Lakica alikataa: wakishauza, mwaka kesho watafuga nini? Yeye alitaka jike mwenye mimba apelekwe Kasubi, upande mwingine wa jiji, kwa mdogo wake Aloyo. Homa ikiingia hapa, angalau mbegu itabaki kule.

"Na Aloyo utamwambia nini?" Ojok aliuliza.

"Kwamba tunajenga banda upya."

Aloyo alikuwa mjane, na nguruwe wake saba ndio waliokuwa mali yake yote.

"Huyu ni mzima," Lakica alisema. "Namwangalia mwenyewe asubuhi na jioni."

Saa sita mchana Odur, dereva wa pikapu, alirudisha gari kinyumenyume hadi langoni. Lakica alimlazimisha achovye viatu vyote viwili. Nyuma ya gari palikuwa bado na majimaji na samadi. Odur aliomba radhi kwamba hakupata nafasi ya kuosha. Wiki ile, alisema, nusu ya mtaa walikuwa wakihamisha nguruwe kimyakimya kwa gari lake. Lakica hakumsikiliza, macho yake yalikuwa barabarani. Walimpakia jike upesi, wakamfunika kwa majani ya migomba, na Ojok akaketi mbele na dereva.

Kabla hawajafika mbali, askari aliwasimamisha. Chini ya majani jike alikoroma. Askari alichungulia ndani, akamtambua Ojok, akapiga saluti.

"Pita, afande."

Alasiri ile jike alikuwa ndani ya banda la Aloyo.

Kisha wakangoja. Kila asubuhi Lakica aliwakagua saba waliobaki, masikio na matumbo, akitafuta wekundu. Siku moja mmoja alisusa chakula, naye akashinda amekaa naye sakafuni mpaka alasiri, alipoanza kula. Wiki ya kwanza Aloyo alimwambia kwa simu kwamba jike anakula vizuri. Baada ya hapo akawa anajibu kwa ujumbe mfupi tu: tupo, dada. Lakica hakuuliza zaidi. Hofu yake yote ilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwa Docus.

Wiki ya tatu daktari alirudi na majibu ya damu aliyoitoa wiki iliyotangulia. Wote saba walikuwa safi, na marufuku ikaondolewa. Lakica aliketi juu ya ndoo akalia, kisha akajifuta uso na kumpigia mdogo wake. Honi ililia langoni. Ojok akaenda kutazama.

Lakica alimwambia Aloyo banda limekwisha kujengwa, kesho anakuja kumchukua jike.

Aloyo alijibu kwa sauti ndogo. Jike alikufa siku ya kumi, na nguruwe wake wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Aloyo alikuwa amewapa pumba za gunia jipya, na aliamini pumba ndizo zilizowaua. Siku zote hizi alishindwa kusema.

"Nisamehe, dada. Uliniamini, nami nikakuulia jike wako."

Lakica aliinuka kutoka kwenye ndoo.

"Nimebakiwa na mmoja tu, yule mdogo, hakula zile pumba," Aloyo aliendelea. "Nimekuletea awe badala ya wako. Nimempakia garini asubuhi, lazima ameshafika."

Lakica aliiacha simu ikaanguka, akakimbia. Ojok alikuwa anafunga mlango wa banda, uso umejaa tabasamu. Ndani, nguruwe mdogo mgeni alikuwa amejipenyeza katikati ya wale saba, pua zao zote ndani ya hori moja.