Mwanamke wa Kipaza Sauti

Mumewe alikuwa ameshachukua dawa dirishani pale hospitalini, lakini hakubanduka kwenye benchi.

“Namba sitini na mbili, dirisha la tatu,” kilisema kipaza sauti juu ya kichwa chake. Sauti ya mwanamke, nyororo, imenyooka kama uzi mpya. Mume akatabasamu.

Mkewe alimwona tangu mlangoni. Wivu ukampanda, ukakutana na lile donge lisilomezeka lililohamia kooni mwake mwaka wa nne sasa. Akakohoa, akasafisha koo, akakohoa tena.

“Namba yako ni sitini na mbili?” Sauti yake ilikwaruza kama ufagio mkavu juu ya saruji.

“Hapana.”

“Basi unamchekea nani?”

“Ah, mke wangu! Huyo nilimjua kabla ya ndoa yetu. Leo ndiyo unamwonea wivu?”

“Wivu ulikuwa jana. Leo namchukia.”

Mume alicheka. Mke hakucheka. Yule mwanamke hazeeki. Haamki na koo linalowaka. Kutwa anaita watu na hajapaliwa hata mara moja. Nyumbani, mume alikuwa ameacha kumwomba amsomee gazeti, eti anamhurumia. Huruma! Huruma apewe kuku mwenye kideri.

Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, alimwonyesha picha ya koo lake. Lilikuwa jekundu, limevimba.

“Tindikali ya tumbo inapanda kimyakimya hadi huku juu,” alisema. “Vidonge vimeshindwa. Nitatoboa matundu matano madogo, nichukue sehemu ya juu ya tumbo, niizungushie chini ya umio kama skafu. Haitapanda tena.”

“Na sauti?”

“Mimi nazima moto. Nyumba iliyokwisha kuungua siiahidi.”

“Nitamshinda yule?” Mke alinyoosha kidole darini.

“Namba sabini, dirisha la kwanza,” yule akasema, kana kwamba ameulizwa yeye.

Daktari aliiweka picha chini. “Hilo ndilo nisiloahidi.”

Akapasuliwa. Wiki za kwanza alikunywa uji na supu iliyochujwa, na kila tonge laini lilishuka kwa hatua za bibi harusi. Mwezi wa tatu kikohozi kiliaga. Donge nalo likahama bila kuaga. Sauti ikarudi, ila ilirudi imebadilika: nzito, ya chini, tulivu, sauti ya mtu aliyetoka safari ndefu na hana haraka ya kusimulia.

Asubuhi moja mume alimsukumia gazeti. “Nisomee.”

Akamsomea ukurasa mzima wa matangazo ya vitu vilivyopotea. Mume alisikiliza mpaka chai ikapoa. Mke akajiambia: nimeshinda.

Siku ya kurudi kwa daktari, alitoka chumba cha uchunguzi na kumkuta mumewe kwenye benchi lile lile, chini ya kipaza kile kile, kichwa amekiinua.

“Namsikiliza mara moja tu,” alisema mume kwa haya.

Mke alipita mbele yake, akaenda moja kwa moja masijala.

“Mtoeni,” alimwambia mkuu wa masijala.

“Nani, dada?”

“Huyo wa kwenye kipaza. Miaka tisa inamtosha.”

Mkuu wa masijala alichungulia nyuma yake. Mume alikuwa amemfuata mkewe mbio. “Shemeji, unasemaje?” mkuu akamuuliza.

“Mwache, mke wangu,” mume akasihi. “Amekukosea nini?”

“Sitaki mke mwenza. Hata wa darini.”

“Anakukosesha nini? Kula kwako anakula? Kulala kwako analala?”

“Kusikilizwa kwangu anasikilizwa yeye.”

Mkuu wa masijala alivuta droo, akatoa jalada lililochujuka rangi na ndani yake karatasi moja.

“Haya. Leo tukimfuta, hatuna nakala nyingine ya rekodi. Na hatufuti sauti ya mtu mpaka mwenyewe atie sahihi.”

“Namba thelathini na tisa, dirisha la pili,” yule mwanamke aliita, ujana wake haujapungua hata chembe. Mume akafumba macho.

Mke akaomba kalamu, na pale palipoandikwa “mwenye sauti” akatia sahihi yake.