Ufunguo Kwenye Msumari

Vile vitambaa vyekundu vilikuwa vimelala juu ya cherehani tangu juzi, na Bi Taratibu hakuwa amevitia hata mshono mmoja.

"Mama, vijana wanaanza doria leo jioni," mwenyekiti wa mtaa alisema. "Bila hivi vya kufunga mkononi, nani atawatofautisha na wezi?"

Aliinama kidogo ili asikie jibu. Kila mtu aliinama akizungumza na fundi huyu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyekaa karibu na mtoto aliyelala, na ndiyo maana mtaa ulimpa jina hilo tangu alipohamia.

"Nitakushonea mapazia," alisema. "Nitawashonea wajukuu zako sare. Hivi, hapana."

Mwenyekiti hakukasirika. Alikuwa mtu mwema. Upepo ulipoezua bati la chumba hiki, yeye ndiye aliyepanda juu na nyundo, bila kuitwa na mtu. Alivuta kigoda akaketi.

Kwenye kizingiti alisimama muuza maziwa, aliyekuwa akimwekea Bi Taratibu kikombe kimoja kila asubuhi na kujifanya kwamba kilibaki tu. Kando yake alikuwepo askari wa kituo cha jirani, binti mwenye viatu vilivyong'arishwa vizuri. Alikuwa amewafuata hadi huku, akiwasihi waachane na habari ya marungu.

"Nawaambia tena, wazazi wangu," askari alisema. "Wizi umepungua. Zamani malalamiko yalikuwa hayaishi pale mezani. Mwaka huu, kutoka mtaa wenu, ni baiskeli moja."

"Na baiskeli ikapatikana," Bi Taratibu alisema.

"Ikapatikana kwa shemeji wa mwenye baiskeli," askari alikubali.

Muuza maziwa alicheka. "Afande, hizo hesabu mnazipika wenyewe huko ofisini, kisha mnatupakulia. Sisi tunaona kwa macho." Akatoa simu kwenye mfuko wa aproni. "Hii imeingia leo asubuhi. Mtaa wa pili tu hapo, jana. Soma walivyoandika."

Mwenyekiti na askari wakasogea. Bi Taratibu akageukia dirisha, akachukua sindano na kuanza kutunga uzi.

Video ilikuwa imepigwa kutoka dirisha la juu, jioni, mwanga ukiwa bado upo. Kijana alikuwa amekaa juu ya ukuta wa uani, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kutoka ndani ya nyumba mwanamke akapiga kelele, "Mwizi! Mwizi jamani, nisaidieni!" Kijana akageuza uso kuielekea sauti, akacheka. Kisha milango ikafunguka kila upande, wanaume wakamiminika.

Muuza maziwa aliizima hapo. Yaliyofuata kila mmoja aliyajua: anayezingirwa hivyo haponi.

"Mwone anavyocheka," alisema. "Hana hata haya. Na sauti ya huyo mama, wallahi, inaninyima usingizi."

"Lakini waone majirani," mwenyekiti alisema. "Hakuna aliyeuliza mara mbili. Mwenye mwiko katoka na mwiko. Mwanamke yuko peke yake ndani, anaita, wewe utakaa unywe chai? Hata mimi ningetoka."

"Najua ungetoka, baba," Bi Taratibu alisema. Uzi ulikuwa umekataa kuingia.

Askari alikuna shingo. "Video hii niliikuta kwenye kituo nilikokuwa kabla ya hapa. Watu wa kule nao walisema imetokea kwao, jana yake tu."

"Basi ndiyo hivyo," muuza maziwa alisema. "Wezi wako kila mahali."

Mwenyekiti alianza kukusanya vitambaa, kimoja kimoja, akivikunja taratibu kama mtu asiyependa kuvichukua. "Mama yetu, hatukulaumu. Wewe hujawahi kuingiliwa na wezi, ndiyo maana. Mtu gani anatundika ufunguo wa mlango wake nje, kwenye msumari, kila apitaye auone? Mtaa mzima unakucheka. Kesho nitakuletea kufuli langu moja, ufunge kama watu."

"Ahsante. Ule msumari uache."

"Haya." Akaviweka vitambaa kwapani. "Hivi navipeleka kwa fundi wa sokoni, atamaliza kabla jua halijazama. Na atakayeonekana juu ya ukuta wa mtu leo, asitulaumu."

Askari hakuwa na wa kumleta alinde usiku huo. Kituoni walikuwa wachache, na kila mtu chumbani alilijua hilo.

Bi Taratibu akachomeka sindano kwenye kifua cha gauni lake. Akageuka.

"Mwanangu," alimwambia muuza maziwa, "irudishe mwanzo. Isimamishe pale juu ya ukuta, kabla huyo mama hajaita."

Muuza maziwa akafanya hivyo. Kijana akatulia kwenye kioo, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Bi Taratibu akavuta pumzi. Mabega yake yakapanda.

"Mwizi! Mwizi jamani, nisaidieni!"

Vitambaa vikamponyoka mwenyekiti. Muuza maziwa aliitazama simu, akamtazama fundi, akaitazama simu tena. Ilikuwa bado imesimama, haitoi sauti.

"Alikuwa amesahau ufunguo," Bi Taratibu alisema, na ikawabidi wote watatu wainame tena ili wamsikie. "Alicheka kwa sababu alidhani mama yake anamtania."